Mbwa wa Ua Mmoja Wakifikia Kuuana: Mwongozo kwa Wafugaji wa Kigoma

"Hawa ni ndugu, wamenyonya kwa mama mmoja, wamekula karai moja tangu wadogo. Imekuwaje?" Ndilo swali la kwanza la kila mwenye nyumba aliyefungua mlango wa nyuma alfajiri akamkuta mbwa wake mmoja amelala kando ya tangi la maji, shingo imechanika, na mwenzake amekaa hatua chache akijilamba miguu. Kilichobadilika ni umri. Mbwa hubalehe ndani ya mwaka wake wa kwanza au muda mfupi baadaye, lakini tabia ya kikubwa humwingia polepole, kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu. Hapo ndipo waliokuwa wakichezeana wanaanza kupimana. Udugu hauzuii. Kwa kweli majike wawili wa tumbo moja, waliolelewa ua mmoja, ni kati ya jozi ngumu kabisa kuishi nazo wakishakosana.

Huku kwetu kuna jambo jingine linaloongeza kuni. Mbwa wa Gungu au Katubuka anafungiwa bandani kutwa nzima, kisha saa nne usiku anafunguliwa na wenzake walinde nyumba mpaka kuche. Kwa hiyo muda pekee wanaokaa pamoja ni usiku, wakiwa na hamu ya kutembea, kila kishindo cha barabarani kikiwapandisha, na watu wote wamelala. Ukisikia mtu anasema "wamepigana ghafla tu", muulize nani alikuwa macho.

Asiyetaka kusoma mpaka mwisho achukue hili moja: mbwa akishamuua mwenzake, au akishamjeruhi mpaka kushonwa, acha kufikiria kuwapatanisha. Fikiria milango. Yaliyobaki hapa chini ni namna ya kufika hapo bila wewe mwenyewe kung'atwa.

HATUA YA KWANZA: KUAMULIA WAKIWA WAMESHIKANA

Usipeleke mkono shingoni. Mkono wa mtu unakimbilia mkanda wa shingo wenyewe bila kufikiri, na mbwa aliyepandwa hasira anageuka na kung'ata chochote kilichomgusa. Hakukusudii wewe, ila vidole vitakuwa vimeshaumia. Usipige kelele za hofu pia, wala usiwachape fimbo. Mbwa aliye vitani akisikia maumivu anadhani yametoka kwa aliye mbele yake, na anakaza zaidi.

Anza na vitu vinavyofanya kazi ukiwa mbali. Ndoo ya maji usoni, au mpira wa bomba kama presha ipo. Mfuniko wa sufuria ukigongwa kwa nguvu juu ya vichwa vyao. Blanketi zito likiwafunika wote wawili, kwa kuwa baadhi huachia wasipoona. Kitu kipana cha kupenyeza katikati yao: ubao, beseni kubwa, meza ya plastiki, bati lenye kingo zilizokunjwa. Ukiwa na zaidi ya mbwa wawili, kazi ya mtu wa kwanza ni kuwafungia wale wengine kabla ya yote. Mbwa wa tatu haamulii. Anajiunga, na mara nyingi anamwangukia aliye chini. Vifo vingi vya usiku vinatokea hivyo, watatu juu ya mmoja.

Yote yakishindikana na mko watu wazima wawili, kila mmoja amshike mbwa wake mapaja ya nyuma, juu ya magoti, amnyanyue na kurudi kinyumenyume kama anayevuta toroli. Mbwa asiyekanyaga chini kwa miguu ya nyuma hana nguvu ya kurukia. Mkishawaachanisha msisimame, zungukeni kwa nusu duara mkirudi nyuma, maana mkisimama anajipinda na kukufikia mkono. Msiwaachie mpaka kila mmoja yuko nyuma ya mlango uliofungwa. Ukiwa peke yako, pitisha kamba kiunoni kwa mmoja, mbele ya mapaja, uifunge kwenye nguzo ya banda au shina la mti, kisha mvute mwingine.

Aliyeng'ata bila kuachia asivutwe hovyo. Ukivuta, nyama inachanika na tundu dogo linakuwa jeraha la kushonwa. Mshikilie kwa nyuma asiweze kutikisa kichwa, kwa sababu kutikisa ndiko kunakoua, na usubiri alegeze taya ili abadilishe mshiko. Sekunde hiyo ndiyo ya kumtoa.

Watoto wasiingie. Hata yule wa darasa la saba ambaye mbwa "wanamsikia". Kazi yao ni kukimbilia ndani na kufunga mlango.

HATUA YA PILI: MAJERAHA, NA SUALA LA KICHAA

Jeraha la meno ya mbwa linadanganya. Juu ya ngozi unaona matundu mawili madogo, damu kidogo, manyoya yamelowa mate. Chini yake, ngozi imevutwa ikaachana na nyama kwa upana wa kiganja, na uchafu wote wa mdomoni umeingia humo. Kata manyoya kwa mkasi kuzunguka tundu uone. Ukibonyeza taratibu na ngozi ikacheza kama haijashikwa na kitu, au maji mekundu yakatoka pembeni ya pale ulipobonyeza, hilo si la kutibu nyumbani.

Kwa yale madogo, chemsha maji, yapoe, changanya kijiko cha chai kimoja cha chumvi kwa nusu lita, na umwagie mengi kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Usimwagie spiriti, petroli, majivu, unga wa tumbaku wala mawese. Usilifunge tundu likaziba. Linahitaji kutoa maji, la sivyo baada ya siku mbili au tatu unapata jipu na homa.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo kama ameng'atwa shingoni, kifuani au tumboni, hata kama anatembea na anakunywa maji. Fizi zikiwa nyeupe, pumzi ikienda mbio, au hewa ikisikika inapita kwenye tundu la kifua, hapo hakuna kusubiri kukuche. Kifua kilichotoboka kizibe kwa plastiki safi iliyoshikwa na kitambaa wakati mnatafuta bajaji. Mbwa mwenye maumivu anaweza kumng'ata hata anayempenda, kwa hiyo mfunge mdomo kwa kitambaa kirefu: zungusha juu ya pua, piga fundo chini ya kidevu, kisha funga nyuma ya masikio. Usimfunge hivyo anayehema kwa shida au anayetapika.

Na dawa za maumivu za binadamu ziacheni kabatini. Ibuprofeni na diklofenaki zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo, na panado inaharibu ini.

Mtu akiwa ameng'atwa, yeye ndiye wa kwanza kushughulikiwa, mbwa baadaye. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili kwa saa, halafu nenda hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakina pona, lakini sindano zikianza mapema na kumalizika zote kinazuilika. Mbwa aliyemng'ata mtu afungiwe na atazamwe siku 10. Akifa ndani ya siku hizo, au kama yeye ndiye aliyeuawa kwenye ugomvi, usimzike kabla afisa mifugo hajajua, kwa sababu uchunguzi wa kichaa hufanyika kwenye ubongo na ukishafukia umejifungia mlango huo.

Kichaa chenyewe pia ni sababu ya mbwa kuua wenzake. Mbwa mpole aliyegeuka siku mbili tatu akashambulia wenzake bila chanzo, sauti imekwaruza, mate yanamwagika, anashindwa kumeza, anang'ata miti na mawe, huyo haamuliwi kwa ndoo wala kwa mikono. Fungia ua, toa watu, piga simu. Chanjo ya kwanza hutolewa akifikisha miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka. Mwulize afisa mifugo wa kata itatolewa lini. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ni wakati mzuri wa kuulizia kama una mbwa ambaye hajachomwa.

HATUA YA TATU: PIMA UGOMVI WENYEWE

Si kila kelele ni vita. Mbwa wawili wakiunguruma, meno nje, wakaruka na kuachana ndani ya sekunde kumi, na ukiwakagua hukuti tundu hata moja, hao wamezozana na wamejua pa kuishia. Unaotisha ni ule ugomvi wa kimya: hakuna mlio wa onyo, anakwenda moja kwa moja, anashika na kutikisa.

Jiulize maswali haya ukiwa umetulia, na ujibu kwa uliyoyaona, si kwa unayoyatamani.

Aliyeshindwa alipolala chali, au alipokimbia, mwenzake aliacha? Asiyeacha kwa aliyekwisha kushindwa ni hatari kubwa kuliko anayeng'ata kwa hasira.

Meno yaliingia wapi? Masikio, usoni na miguu ya mbele ni mahali pa mapambano ya ana kwa ana. Koo, tumbo na kinena ni mahali pa kuulia.

Kila ugomvi mpya ni mzito kuliko uliopita, na unaanza kwa jambo dogo zaidi? Kama mwezi wa kwanza ilikuwa mfupa na sasa ni kupishana tu mlangoni, hali inashuka.

Unajua kilichowasha? Ugomvi wenye chanzo unachoweza kukitaja unaweza kupangiwa namna. Usio na chanzo hauna mpango zaidi ya ukuta.

Wanapishana kwa uzito mara mbili au zaidi? Chotara wa German Shepherd na kijibwa cha kienyeji cha kilo nane hawahitaji kuwa na uadui. Kosa moja linatosha. Na kama mkubwa alimkamata mdogo bila kuunguruma, akamtikisa mara moja akafa, huo haukuwa ugomvi, ulikuwa uwindaji. Hakuna mafunzo ya kuutoa. Usimweke tena na mbwa mdogo maisha yake yote, na mbuzi na kuku wa jirani uwafikirie pia.

HATUA YA NNE: TAFUTA CHECHE

Kaa nje siku kadhaa wakati wa kula, na utazame shingo badala ya mikia. Kwenye nyumba nyingi hapa chakula ni ugali wa dona au pumba uliochanganywa na vichwa vya migebuka au dagaa waliovunjika, unamwagwa kwenye karai moja, mbwa watatu wanazunguka. Jike mkubwa anafika. Anakula haraka, halafu anaganda: mdomo bado umo ndani ya karai, hatafuni, jicho limetoka pembeni likaonyesha weupe, mwili mzima umekaza. Yule mdogo anageuza uso, analamba midomo, anarudi nyuma hatua mbili na kujifanya ananusa mchanga. Mwenye nyumba anasema, "Unaona? Wanaheshimiana." Hapana. Mmoja ametoa onyo na mwingine amelitii kwa leo. Siku huyo mdogo akiwa na njaa zaidi, au akiwa ametimiza miaka miwili, hatarudi nyuma.

Dalili nyingine ni za taratibu na ndiyo maana hazionwi. Mmoja analala kwenye njia ya kupitia ili wengine wazunguke. Mmoja anaweka kidevu mgongoni kwa mwenzake na kubaki hapo. Mkia umesimama wima na ncha inatikisika kwa ukakamavu. Watu wanadhani ni furaha. Mmoja ameacha kuja kukupokea getini, anakaa nyuma ya stoo.

Ukiacha chakula, geti ndilo linaloua. Gari linapiga honi, au bodaboda inapita na mbwa koko wanaipigia kelele barabarani, wote wa kwako wanakimbilia fensi, wamepanda, hawawezi kumfikia wa nje, na meno yanaangukia aliye karibu. Dawa yake ni rahisi kuliko nyingine zote: ziba geti kwa bati wasione barabara, na wafungie kabla gari halijaingia.

Jike akiwa kwenye joto, madume wanaweza kuuana hata kama hawajawahi kukosana. Jike mwenye watoto wachanga huua mbwa mwingine anayesogelea. Maumivu nayo: mbwa mzee mwenye nyonga mbovu, au mwenye sikio lililooza kwa ndani, hawezi kuvumilia kugongwa na kijana. Kabla hujamwita mkorofi, mpeleke akaguliwe.

Kisha kuna wewe mwenyewe. Majike wengi hupigana mbele ya mwenye nyumba wala si akiwa hayupo, kwa sababu wewe ndiye kitu wanachogombania. Ukimpapasa mmoja huku mwingine amebanwa katikati ya miguu yako na kiti, umeandaa uwanja.

Usisikilize wanaosema uwaache wapigane mpaka wampate mkubwa wao. Habari ya mbabe anayetawala kundi ilitokana na kutazama mbwa mwitu (wale wanaoitwa wolf kwa Kiingereza) waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, alikoandika Rudolf Schenkel mwaka 1947. David Mech, Mmarekani aliyeieneza miaka ya 1970, aliwafuata wanyama hao baadaye porini akakuta kundi ni wazazi na watoto wao, na ameikanusha tangu hapo. Mbwa wako watatu si familia ya porini, na hawana pori la kukimbilia aliyeshindwa. Wana ukuta pande nne.

HATUA YA TANO: MILANGO MIWILI

Kanuni ni hii: kati ya mbwa wawili wasioelewana kuwe na vizuizi viwili siku zote, ili kimoja kikikosewa kingine kiwepo. Banda lenye mlango wake, ndani ya sehemu ya ua yenye geti lake dogo. Kizuizi kimoja kinatosha mpaka siku mgeni anapokuja kuulizia choo.

Banda la mabati yaliyopigwa misumari kwenye mirunda halimzuii mbwa mwenye nia. Anachimba. Mvua zikianza Novemba udongo unalainika, na usiku mmoja unatosha kupita chini. Mwaga zege sakafuni au zika mawe makubwa kuzunguka msingi, nusu mita kwenda chini. Mlango uwe wa nondo uliotengenezwa na fundi wa kuchomelea, komeo upande wa nje, na kufuli au kipande cha waya mnene, maana kuna mbwa wanaojifunza kusukuma komeo kwa pua. Wavu wa waya peke yake kati ya mabanda mawili usiutumie. Watashindana hapo kutwa, watavunja meno, na chuki itakua badala ya kupungua. Zibeni kwa mabati au matofali mpaka usawa wa juu ya vichwa vyao wakisimama. Wasionane kabisa.

Kupishana kunafanywa hivi. Aliye nje anaitwa kwanza, anaingia bandani kwake na chakula chake, mlango unafungwa, komeo, kufuli, unaivuta kwa mkono kuhakikisha. Ndipo unaenda kumfungua wa pili. Usifungue huku unamwita wa kwanza. Usimpe mtoto kazi hiyo. Mtu mmoja kwa zamu awe na funguo, na anayepokea zamu aambiwe kwa mdomo nani yuko nje. Funga kitambaa chekundu kwenye mlango wa jikoni wakati mbwa yeyote yuko huru uani. Dada wa kazi, shemeji aliyekuja kutoka Kasulu, fundi wa maji, wote waelezwe maana yake siku wanapofika. Ajali nyingi za nyumba zilizokwishawatenga mbwa zinasababishwa na mtu wa heri aliyefungua bila kujua.

Ulinzi wa usiku haupungui. Mmoja yupo nje usiku wa leo, mwenzake kesho, au mmoja mpaka saa nane na mwingine kuanzia hapo kama una mlinzi macho. Mbwa mmoja anayebweka vizuri anatosha, mwizi hahesabu.

Aliyefungiwa asikae tu akioza. Mtoe kwa mkanda na kamba alfajiri, umtembeze. Mpe mfupa mkubwa mbichi wa kutafuna akiwa peke yake (usimpe uliopikwa, unapasuka vipande vinavyotoboa utumbo). Nyunyiza chakula chake chini badala ya kukiweka kwenye sahani, atumie pua yake nusu saa. Mbwa aliyechoka anafungika kwa amani.

Wengine wanasema maisha ya namna hii ni kazi. Ni kazi kweli. Wapo wanaoishi hivyo miaka kumi, na wapo wanaochoka baada ya miezi mitatu na kuanza kusema "tuwajaribu leo". Kama unajijua uko kundi la pili, ruka mpaka hatua ya nane.

HATUA YA SITA: KUHASI

Kwa madume wanaogombania jike, kuhasi kunasaidia mara nyingi, ingawa homoni huchukua wiki kadhaa kushuka na tabia iliyokwisha kuwa mazoea inaweza kubaki. Kwa majike wanaopigana wao kwa wao, kufunga kizazi kunaondoa ugomvi wa vipindi vya joto na basi. Usitegemee kitawafanya marafiki. Fanya kwa sababu nyingine pia: hutaletewa watoto saba usioweza kuwalisha.

HATUA YA SABA: KUWARUDISHA PAMOJA, KWA WANAOFAA

Hii ni kwa wale ambao kwenye hatua ya tatu majibu yalikuwa mepesi: hakuna kifo, hakuna kushonwa, chanzo kinajulikana, wanalingana umbo. Wengine wasiijaribu.

Watengane kwanza wiki mbili au tatu bila kuonana. Katika muda huo mfundishe kila mmoja kuvaa kikapu cha mdomoni, kile cha waya au plastiki kinachomruhusu kuhema na kunywa. Weka dagaa ndani yake, aingize pua mwenyewe, atoe. Siku nyingine funga sekunde chache. Mbwa aliyevalishwa kwa nguvu siku ya kwanza atakichukia, na atamchukia pia anayemwona wakati huo.

Baada ya hapo tembeeni nao nje ya nyumba, mahali pasipo pa mmoja wao. Watu wazima wawili, kila mmoja na mbwa wake, barabara tulivu kabla bodaboda hazijaanza, upande huu na upande ule, wote wakielekea njia moja. Wasikutane uso kwa uso. Mkiona wote wananusa na kutembea kwa kulegea, sogezeni hatua chache siku nyingine. Akikaza macho kwa mwenzake na hageuki ukimwita, mmekaribia mno. Ongezeni umbali bila kumvuta kwa hasira. Hili linachukua wiki nyingi. Uani wawe pamoja mkiwapo tu, wakivuta kamba zao, bila chakula, bila mifupa, bila watoto. Usiku na mkiwa hampo, kila mmoja kwake. Milele. Ugomvi mmoja wenye jeraha katika kipindi hiki unakurudisha hatua ya tano, na hukai tena kwenye hii.

HATUA YA NANE: ALIYEUA AFANYWEJE

Usimpige. Hajui unampigia nini, na kama mwenzake mwingine anaonekana wakati wa kipigo, maumivu anayahusisha na huyo. Pia usimchukulie kwamba sasa "ameonja damu" na atawageukia watu. Ukali kwa mbwa na ukali kwa binadamu ni mambo mawili. Ila mtoto anayesimama katikati yao bado ataumia.

Kama wamebaki wawili au zaidi, watenge wote siku hiyo. Kundi lililomuua mmoja linaweza kuhamia kwa mnyonge anayefuata.

Una njia tatu za haki. Ya kwanza ni kumtenga maisha yote, kwa hatua ya tano. Ya pili ni kumpa mtu mzima asiye na mbwa mwingine, na umweleze kila kitu kabla hajamchukua: alimuua nani, ilikuwa saa ngapi, kulikuwa na nini. Mbwa wengi wa aina hii wanaishi vizuri kabisa wakiwa peke yao kwenye ua. Anayekuja kumchukua akisema "nina wengine wanne, atazoea", mkatalie, hata kama ni mjomba wako. Ya tatu ni sindano ya daktari wa mifugo, na kuna hali ambapo ndiyo sahihi: mbwa anayeshambulia kimya, nyumba yenye watoto wadogo na kuta duni, hakuna wa kumpokea. Asikuhukumu mtu kwa hilo.

Kumpakia kwenye gari na kumtupa upande wa Kibirizi au njia ya Mwandiga si njia. Wala nyama yenye sumu. Inaua pia mbwa wa jirani na kunguru, na inaweza kuua mtoto. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, hata kwa aliye mali yako.

Watoto waambieni ukweli kwa maneno yao. Wakiambiwa "amepotea" watazunguka mtaa mzima wakimwita. Kama hakuna shaka ya kichaa, aliyekufa mzike mbali na kisima, shimo la mita moja au zaidi, mawe juu, kwa sababu waliobaki watachimba.

UKITAKA MWINGINE BAADAYE

Subiri kwanza waliobaki watulie, miezi kadhaa. Chukua wa jinsia nyingine kuliko uliye naye, umbo linalokaribiana, na umri unaopishana kwa miaka miwili au zaidi. Usichukue wawili wa tumbo moja hata ukipewa wa pili bure. Jenga banda lake kabla hajafika, kila mmoja na karai lake nyuma ya mlango wake. Na jike akiwa mjamzito, mhamishie sehemu yenye mlango wiki mbili kabla ya kuzaa, akae humo mpaka watoto watakapoachishwa ziwa.